Kabati Lisilo na Mlango

Blup. Blup-blup. Kimya kidogo, kisha blup tena, kama mtu anayekunywa kwa mrija kinywaji kisichoisha.

Mkono wangu ulikuwa haujagusa mlango, na sauti ile ilikwisha kutoka ndani kunilaki. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeitwa kuunda kabati la tangi la samaki, kabati la kuingizwa ukutani, na kumbe tangi wanalo tayari na linachapa kazi. Wako watu, nikawaza, ambao humwita mpishi wageni wakiwa wananawa mikono. Nikapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa binti wa nyumba ile, mshonaji nguo, amenizidi umri kidogo, futi ya kitambaa inaning'inia shingoni na sindano zimechomekwa kwenye kola. Alinitazama kuanzia viatu hadi penseli iliyokuwa sikioni.

"Wewe ndiye fundi, au fundi amekutuma?"

"Mimi ndiye, dada. Ukimtaka mwenye mvi yuko karakana, ila siku hizi anaona mbao mbili penye moja."

Akaguna, lakini akanipisha.

Sebule ilikuwa safi, cherehani dirishani, vipande vya vitambaa vimepangwa kwa rangi kapuni. Ukuta wa mwisho ulikuwa na shubaka kubwa, lenye upana wa kumtosha mtu kulala na kujinyoosha. Nikatafuta tangi kwa macho, nisilione. Chini, ndani ya shubaka, palikuwa na ndoo nyeupe ya plastiki, mrija mwembamba umezama ndani yake, na pampu ya hewa yenye ukubwa wa kiganja inanguruma sakafuni. Maji yalikuwa yanachemka bila moto. Samaki hakuwepo hata mmoja.

Nilipouliza samaki wako wapi, mshonaji alisema mama yake hapendi samaki hata kwenye sahani. Kisha akashusha sauti, maana mama mwenyewe alikuwa jikoni, akanieleza kisa cha ndoo.

Baba yake aliugua kwa muda mrefu, na kitanda chake kilikuwa humo ndani ya shubaka. Ugonjwa ulimnyang'anya sauti kwanza, mengine yakafuata. Hospitali iliwaazima mashine ya hewa, ile inayopitisha hewa kwenye chupa ya maji kabla haijafika puani, na mchana na usiku nyumba nzima ilikuwa blup, blup. Alipofariki, mashine ilirudishwa. Nyumba ikanyamaza, na mama akashindwa kulala. Alikuwa akiamka, anafungua mlango, anaondoka. Mara moja walimkuta kando ya barabara kubwa, peku, anatembea kama aliyetumwa dukani. Mwishowe alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na pampu ya samaki na ndoo. Tangu hapo analala, lakini analala kwenye mkeka kando ya ndoo, na pampu ikizimika tu, anasimama na kushika njia.

"Kama ni lazima tuishi na huu mlio, basi angalau uwe na sura," mshonaji alisema. "Tangi zuri, samaki wa rangi, mwanga. Labda taratibu atazoea kuusikia kutoka chumbani. Sitafuti urembo, fundi. Nataka mama yangu alale kitandani kwake."

Nikamwambia amefika penyewe. Kila fundi husema hivyo, lakini kwangu mimi ilikuwa kweli.

Nikaingia kwenye shubaka na kuanza kupima kwa futi yangu ya chuma. Mshonaji akanifuata na futi yake ya kitambaa, anapima nilipopima. Nikamwambia chuma hakidanganyi. Akanijibu kwamba kitambaa nacho hakikwaruzi ukuta wa watu. Tulikubaliana kwenye upana, tukagombana kwenye kimo, na nilipopima mara ya pili nikakuta yeye ndiye mkweli. Niliandika kipimo chake kama vile kilikuwa changu.

Karibu na kona, usawa wa goti, rangi ya ukuta ilikuwa imelika hadi kwenye lipu, doa dogo kama sarafu. Nilidhani ni kiti kilichokuwa kikisugua. Nikalizungushia duara la penseli, nisisahau kulifunika na ubao.

Mama akaja kutoka jikoni, mwembamba, mikono mibichi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akiitazama ndoo, siyo mimi. Nikamweleza mpango wangu kwa mikono yote miwili, maana kazi nzuri haielezwi kwa mkono mmoja. Tangi likae katikati, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Juu yake kabati dogo la taa, lenye mfuniko wa kulishia samaki. Chini yake kabati lenyewe, la mbao nene zisizonywa maji, kwa sababu maji ni mazito kuliko watu wanavyodhani. Tangi kama lile ni sawa na umati wa watu waliosimama juu ya meza yako na hawana mpango wa kushuka. Ndani ya kabati la chini zingekaa pampu, chujio na nyaya, na mbele yake milango miwili yenye bawaba za kimyakimya.

"Mfuniko wa juu sawa," mama alisema. "Chini usiweke milango."

Nikadhani hapendi miwili. Nikasema mmoja unatosha.

"Hata mmoja. Ubao mtupu, kutoka huku hadi kule. Na swichi iwe ndani, uifungie humo humo."

Nikamweleza kwamba pampu hufa, chujio huziba, waya ukilowa lazima mtu aufikie haraka. Alinisikiliza hadi mwisho kama anayesubiri gari lipite ndipo avuke.

"Wewe ni fundi wa kufunga au wa kufungua?"

Hapo aliniwasha. "Mama, mimi nikifunga, hewa yenyewe inaomba ruhusa."

"Basi funga."

Mshonaji alinisindikiza mlangoni kwa uso uliokunjamana. Aliniuliza kama nilikuja kumsaidia yeye au kushindana na mama yake. Nilimwambia asubiri aone kazi.

Baba yangu, ambaye karakana ni yake ingawa msumeno sasa ni wangu, aliichukua ile karatasi ya mchoro, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mlango uko wapi?"

"Hauna."

"Kabati lisilo na mlango lina jina lake, mwanangu. Na sisi hatuundi hayo."

Nikamweleza habari yote. Alikuna pua yake, pale penye kovu, na nikajua tunakwenda wapi. Zamani aliunda kabati la ukutani kwa mwenye duka mmoja, akaziba mgongo wake, akapaka rangi, akaja zake nyumbani akipiga mluzi. Usiku ukuta ukaanza kulia. Familia ile iliita watu wa dua, ukuta ukazidi kulia. Siku kadhaa baadaye Baba aliitwa kubomoa, na alipotoa ubao wa kwanza akatoka paka wa jirani, amekonda kama uzi, akamrukia usoni. Ndiyo asili ya kovu, na ndiyo sababu mtaa mzima unamwita Baba Paka hadi leo. Ndiyo asili pia ya desturi ya karakana yetu: hakuna kisanduku kinachofungwa kabla hujakigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kama ndani mna kiumbe, kitakuambia. Mimi desturi hiyo niliicheka tangu utotoni, lakini mkono wangu uliizoea kuliko mdomo wangu, hujigongea wenyewe.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Baba alisema. "Kabla hujamfungia huyo mama, kamuulize anaogopa nini."

Nilimwambia mimi ni seremala, siyo daktari wa vichwa. Nikaanza kuunda kivuli.

Kivuli ndivyo tunavyokiita. Kabla ya kukata mbao nzuri, tunaunda kabati zima kwa plaiwudi chakavu na fito, kwa ukubwa ule ule, tunaliweka mahali pake ili mwenye nyumba aligonge kwa goti, alikwepe, alizoee au alichukie. Kivuli kikikubalika, ndipo mwili unafuata. Nilikiunda kivuli kile kwa hasira nzuri, kona zimeumana kama meno, mgongo wazi kuelekea ukutani, na mbele yake ubao mmoja, mtupu, bila hata tundu la ufunguo.

Nilikipeleka nyumbani kwao alasiri. Jua lilikuwa limelala juu ya cherehani, na mshonaji alikuwa anapinda mkono wa gauni. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo. Tulikiingiza kivuli kwenye shubaka, mimi upande mmoja na mshonaji upande mwingine, kikaingia bila kusukumwa. Nilitaka kujua mlio utasikikaje kabati likishafungwa, kwa hiyo nikaiweka ndoo ndani, chini, pamoja na pampu yake, nikapitisha waya kwenye tundu la pembeni. Kisha nikaunyanyua ubao wa mbele, nikaukaza kwa skrubu.

Mlio ulibadilika. Haukuwa tena wa ndoo. Ulishuka, ukawa wa ndani, ukawa na nafasi katikati yake, kama kifua cha mtu aliyelala chali. Mshonaji aliacha kushona. Alisema, bila kunitazama, kwamba hivyo ndivyo ulivyokuwa. Hivyo hasa.

Na mkono wangu, wenyewe, ukapanda kwenye ubao. Ngo, ngo, ngo.

Jikoni sufuria ikaanguka.

"Nakuja, baba watoto," sauti ya mama ilisema. "Nakuja. Nakuja."

Alitokea mbio, povu la sabuni limempanda hadi viwikoni, akateleza kwenye kizingiti, akajishika ukutani, akaendelea. Macho yake yalikuwa kwenye shubaka. Kwake, sisi wengine hatukuwepo. Alipofika karibu ndipo alipoona ubao, na juu ya ubao kifundo changu cha kidole ambacho kilikuwa hakijaondoka.

"Ni wewe uliyegonga?"

Nikamwambia ni mimi, nikaomba radhi, nikamweleza desturi yetu. Nikamsimulia hata paka, pamoja na pua ya Baba, nikitumaini atacheka, maana kisa hicho hakijawahi kukosa mtu wa kukicheka. Povu lilikuwa linadondoka sakafuni. Hakucheka.

Aliketi kwenye kigoda cha mshonaji. Alizungumza akiwa amekielekea kivuli, na mimi nilibaki nimechuchumaa, bisibisi mkononi, kwa sababu hapakuwa na namna ya kusimama bila kumkatiza.

Mumewe alipopoteza sauti, walipatana kuhusu kugonga. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado una nguvu kidogo, na ukuta ulikuwa karibu. Akigonga mara moja, ni maji. Mara mbili, ageuzwe ubavu. Hayo mshonaji aliyajua, akawa anaitikia kwa kichwa. Mara tatu haikuwa na haja yoyote. Mara tatu ilikuwa njoo tu. Unaacha ulichoshika, unakwenda, unamkuta anakutazama. Anakutazama, basi. Unarudi jikoni, hujashika mwiko, ngo ngo ngo. Siku nzima. Nikalikumbuka duara langu la penseli, lile doa la usawa wa goti, na nikaelewa kwamba hakuna kiti kilichowahi kusugua pale.

"Siku ile nilikuwa chumbani nimejilaza," mama alisema. "Akagonga tatu. Nikasikia. Nikasema moyoni, si maji, si kugeuzwa, ngoja. Akagonga tena. Nikavuta shuka juu ya kichwa. Alipoacha, nilishukuru."

Mshonaji alikuwa ameivua futi yake shingoni, anaivuta kati ya mikono miwili kama anayepima kitu ambacho hakipo.

"Nilipoamka mashine ilikuwa bado inapumua. Yeye hapana."

Mama akajifuta mikono kwenye nguo, polepole, kila kidole peke yake. Akaniambia kwamba mlio ule ukiwepo, hausikii ukuta ukigongwa. Ukinyamaza, anausikia, ndiyo maana hutoka nje, kwa sababu nje hakuna ukuta. Mlango hautaki kwa kuwa mlango huvujisha sauti ya kugonga, na swichi haitaki kwa kuwa kila kinachoweza kuzimwa, siku moja kuna mtu wa kukizima.

Nilifungua kinywa. Huenda nilitaka kujisifu tena. Umeme ukakatika.

Kwanza friji ya jikoni ilishusha pumzi na kunyamaza. Kisha feni. Kisha, nyuma ya ubao wangu, blup. Kimya kirefu. Blup moja ndogo, ya mwisho, kama neno ambalo mtu amelimeza.

Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza vile mchana kweupe. Nje jua lilikuwa pale pale. Mama akasimama. Uso wake uligeukia mlango wa mbele, na miguu yake ikaanza kuufuata uso. Mshonaji aliruka, akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo ya huku na huku.

Ngo.

Nilitazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa umeshika bisibisi. Wa kushoto ulikuwa sakafuni, umenitegemeza.

Ngo. Ngo.

Ilitoka ndani, nyuma ya ubao nilioukaza mwenyewe. Haikuwa na hasira. Ilikuwa ya taratibu, yenye nafasi sawa, kugonga kwa mtu aliyekwisha kuzoea kutojibiwa.

Mimi husema mtaani kwamba woga ni wa watu wasio na ufundi. Basi ufundi wangu niliutumia wote pale chini. Mbao hulia, najua. Hulia zikikauka, hulia zikibebeshwa, nazijua sauti zake kama ninavyojua kikohozi cha Baba. Ubao hupasuka, ubao hukwaruza. Haugongi kwa vifundo vya vidole.

"Mmesikia?" mama aliuliza.

Mshonaji alikuwa hawezi kutoa mikono kwenye miimo. "Nimesikia, mama."

Nami nikaitikia.

Mama akatutazama mmoja baada ya mwingine, na kitu kikalegea usoni mwake, kama pindo lililofumuliwa. "Kumbe si kichwa changu tu," alisema. Akauacha mlango. Akaja hadi kando yangu, akapiga magoti. "Fungua, fundi."

Skrubu zilikuwa chache lakini mikono yangu ilizifanya kuwa nyingi. Ubao ukatoka. Ndani palikuwa na ndoo, mrija, pampu iliyokufa. Hakuna kingine. Lakini juu ya maji ya ndoo miduara ilikuwa inatembea, myembamba, mmoja ndani ya mwingine, ikitokea upande wa ukuta kuja upande wetu. Na ukutani, kwenye kona, vumbi jeupe la lipu lilikuwa limemwagika sakafuni, bichi, halijakanyagwa na mtu. Nikatafuta duara langu la penseli. Upande mmoja lilikuwepo. Upande mwingine doa lilikuwa limelitafuna na kulivuka.

Mama hakushtuka hata kidogo. Aliisogeza ndoo pembeni kama anayesogeza mto, akaingia nusu ya mwili ndani ya kivuli.

"Ukitaka kuweka mlango," aliuliza, "unawekwa wapi?"

Nilichukua penseli sikioni. Mstari wangu ulipinda, mimi ambaye hujisifu kuchora mstari bila rula, nikauacha ulivyo. Nikamwonyesha: hapa, mbele ya kona, bawaba mbili, bila kufuli. Mgongo wa kabati nitauacha wazi mbele ya doa, mkono uufikie ukuta. Swichi itakaa nje, upande wake wa kulia. Pampu ataiwasha akitaka kuona samaki wakicheza, na ataizima akitaka kusikia. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kimoja, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia ya kwenda kwao.

Mshonaji alikuja akachuchumaa nyuma yake, akashika ncha ya nguo ya mama yake kwa vidole viwili tu, kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Umeme ulikuwa haujarudi.

Mama akaegemeza kichwa ukutani, akafunika doa kwa kiganja. Alipozungumza, ilikuwa kwa ile sauti ya chini ambayo watu wawili hutumia taa ikishazimwa.

"Gonga unapotaka, baba watoto. Hata kama si maji, hata kama si kugeuzwa. Nikisikia tatu, nitaacha nilichoshika, nitakuja."